Kilo si mafuta

Mwezi uliopita nilipanda juu ya balansi, rafiki mmoja akaniambia: "We, umekuwa munene, punguza kula!" Nikaanza kuacha chakula cha mangaribi. Kisha nikakumbuka historia hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, daktari Albert Behnke wa jeshi la majini la Marekani alipima wachezaji 25 wa mupira wa Kimarekani. Kufuatana na jedwali la uzito, 17 kati yao hawakufaa kuingia jeshini: wazito mno. Behnke akawapima hewani, kisha ndani ya maji. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Misuli na mifupa ni mizito. Mwenye mafuta mengi, uzito wake majini unashuka sana. Lakini wale wachezaji walibaki wazito: ilikuwa misuli, hapana mafuta.

Sisi wa kilimo tunaijua hesabu hiyo. Muhogo tunaupima vilevile, hewani na majini, tujue wanga wake.

Basi nimerudia kula. Magunia ya shamba hayabebwi na njaa. Sasa kila mwezi napima kiuno kwa utepe, asubuhi, naandika katika daftari. Balansi peke yake isikuhukumu.