Mwindaji Asiyetupa Uta Wake

Wahenga walisema kwamba hujafa hujaumbika. Maana ya methali hii ni kwamba mtu mzima wa viungo asimcheke mwenye ulemavu, kwa kuwa hajui siku yake itakuwaje. Aliye na miguu miwili asubuhi huenda jioni akawa hana hata mmoja. Lakini methali hii inaonya tu. Haisemi tufanye nini siku hiyo ikifika. Basi, msomaji, katika insha hii natutazame jambo linaloanza pale methali inapokoma. Mtu aliyependa kuwinda, kisha akapotewa na macho, au miguu, au mikono, naye hana fedha za kutosha, je, aitupe silaha yake? Na sisi wenzake tunapaswa kumfanyia nini?

Huenda ukasema, "Swali hili ni dogo, maana kuwinda ni pumbao tu." La, si dogo. Kwa watu wengi wa zamani kuwinda kulikuwa chakula, na shule, na heshima pia. Hapa kwetu Waata wa nyika ya Tsavo walijulikana kwa nyuta nzito mno, ambazo mkono usiozoea hauwezi kuzivuta mpaka mwisho, na kwa mishale iliyopakwa sumu ya msunguti ambayo iliangusha hata ndovu. Wakamba nao walisifiwa kwa shabaha. Katika jamii kama hizo, kumwambia mtu "usije tena mwituni" kulikuwa sawa na kumwambia kwamba kazi yake duniani imekwisha, na kwamba yaliyobaki ni kukaa barazani akingoja kulishwa. Ndiyo sababu jambo hili linahusu utu wa mtu, wala si nyama peke yake.

Tuanze Uingereza. Tarehe 17 Septemba 1858, kijana mmoja aitwaye Henry Fawcett, mwenye umri wa miaka 25, alikwenda na baba yake kuwinda kwale juu ya kilima cha Harnham karibu na mji wa Salisbury. Baba alielekeza bunduki kwa ndege, asitambue kwamba mwanawe amesimama upande ule ule. Marisau machache yalimpiga kijana usoni; yakapenya miwani yake, yakaingia machoni, jicho la kulia na la kushoto pia. Tangu saa ile hakuona tena maisha yake yote. Fikiri, msomaji, huzuni ya mzee yule aliyempofusha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe! Fawcett aliiona huzuni hiyo kwa moyo, akajitahidi kuwa mchangamfu ili baba yake asizidi kuumia. Baadaye alisema kwamba dakika kumi baada ya ajali alikuwa amekwisha kukata shauri kuyafuata mambo yake yote kadiri iwezekanavyo. Heri kufa macho kuliko kufa moyo.

Je, aliwezaje? Bunduki hakuweza kuilenga tena, lakini kuvua samaki ni kuwinda majini, na samaki hahitaji kuonwa. Mkono huisikia ndoana inapotikisika. Basi Fawcett alivua katika mito kwa miaka mingi, rafiki akiwa kando yake kumwonyesha mahali pa kusimama na upande wa kuitupa ndoana. Alipanda farasi pamoja na wenzake. Wakati wa baridi kali alivaa viatu vya chuma akateleza juu ya barafu maili nyingi, akifuata sauti ya aliyemtangulia. Aliwataka marafiki wake wasimwonee haya, bali wazungumze naye na kutembea naye kama zamani.

Wala hakuishia katika mapumbao. Mwaka wa 1863 akawa profesa wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka wa 1865 akaingia Bungeni. Na mwaka wa 1880 akawa mkuu wa Posta ya nchi yake. Katika kazi hiyo aliwawezesha maskini kuweka akiba kwa kununua stempu za peni moja moja na kuzibandika katika karatasi mpaka itimie shilingi, na mwaka wa 1883 alianzisha upelekaji wa vifurushi kwa posta. Alikufa mwaka wa 1884. Shika neno hili moja katika habari zake: lililomrudisha mtoni halikuwa mali. Lilikuwa rafiki wa kumwongoza na mchezo uliofaa mwili wake.

Sasa tumtazame mtu wa namna nyingine. Mwezi wa Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka karibuni katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit kuja kuwinda. Tangu utoto hakuona vizuri bila miwani, na alipokuwa Rais alipigwa katika mchezo wa ngumi hata jicho lake la kushoto likaharibika. Hata hivyo aliwinda simba, ndovu na vifaru. Je, tuseme kwamba ulemavu si kitu? Tusifanye haraka. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, na wawindaji mashuhuri wa kumwongoza, na matajiri wa kwao walisaidia kulipa gharama. Vitu walivyokusanya kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian, yaani wanyama, ndege, wadudu na mimea, vilizidi 11,000. Mtu wa namna hiyo akikosa jicho, macho mia humtazamia.

Lakini ni wangapi duniani wawezao kuajiri macho mia? Mkulima aliyevunjika mgongo, askari aliyerudi vitani bila mguu, fundi aliyekatwa mkono na mashine, hawa hawana wapagazi. Tukijifunza kwa Roosevelt peke yake, tutadhani kwamba furaha ya mwenye ulemavu hununuliwa. Historia ya uta inatufundisha vingine.

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mtu aliyevunjika uti wa mgongo akapooza tangu kiunoni alihesabiwa kuwa maiti anayengoja siku yake. Wengi walikufa kabla ya kupita miaka miwili, wakiuawa na vidonda vya kulalia na maradhi ya njia ya mkojo. Mwaka wa 1939 daktari mmoja Myahudi, Ludwig Guttmann, aliwakimbia Wanazi wa Ujerumani akafika Uingereza. Tarehe 1 Februari 1944 alikabidhiwa kituo kipya cha majeruhi wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Aliamuru wagonjwa wageuzwe vitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili ngozi isioze. Dawa hii haikuhitaji mtambo wa thamani. Ilihitaji mikono na uangalifu. Wagonjwa wakaanza kupona.

Hapo likatokea swali jipya: mtu aliyeponywa asife, ataishi kwa ajili ya nini? Guttmann aliona kwamba kitanda kinaponya mwili na kuua roho. Akawapa wagonjwa wake kazi za mikono na michezo, na katika michezo hiyo akauheshimu sana uta. Sababu zake zilikuwa nzuri. Kwanza, kuvuta uta hutia nguvu mikono, mabega na mgongo, yaani viungo vile vile ambavyo mtu wa kiti cha magurudumu huvitegemea kila siku. Pili, mpiga mishale hakimbii. Akikaa vizuri kitini aweza kushindana na aliyesimama, wala asipewe upendeleo wowote. Tatu, uwanja wake ni nyasi na shabaha tu. Chombo ambacho mwindaji wa kale alikitengeneza kwa mti na mshipa wa mnyama kilifaa pia kwa askari aliyepooza.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 waliokuwa askari, wanaume 14 na wanawake wawili, wote katika viti vya magurudumu, walishindana kupiga mishale katika uwanja wa hospitali ile. Hapakuwa na wafalme wala mizinga ya salamu. Lakini mwaka wa 1952 Waholanzi walivuka bahari kuja kushindana nao, na mwaka wa 1960 wanariadha wapatao 400 walikutana Roma, katika mashindano ambayo leo huitwa Paralimpiki ya kwanza. Mti mkubwa ule uliota katika mbegu ya nyuta chache.

Huko Roma alikuwako mwalimu wa shule aitwaye Margaret Maughan. Alikuwa akifundisha Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na mwaka wa 1959 alipata ajali ya motokaa huko, akapooza miguu. Alipelekwa Stoke Mandeville, akapewa uta. Haukupita muda mrefu, akashinda nishani ya dhahabu ya kupiga mishale, ya kwanza kwa Uingereza katika michezo hiyo. Naye, mwaka wa 2012, michezo ilipofanyika London, ndiye aliyeuwasha mwenge mkubwa mbele ya ulimwengu.

Utasema, "Hao walipiga shabaha za majani, hawakuwinda." Kweli. Basi turudi mwituni. Uta wa kale una ugumu wake: kadiri uuvutavyo ndivyo uzito unavyozidi, na mwenye mkono dhaifu hutetemeka kabla ya kulenga. Mwaka wa 1969 Mmarekani mmoja, Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, alipewa hati ya serikali kwa uta alioubuni, wenye magurudumu madogo kama kapi katika ncha zake. Uta huo huwa mgumu mwanzoni, lakini ugwe ukifika nyuma kabisa uzito hupungua, mwindaji akalenga kwa utulivu. Uko na uta wa namna nyingine, wa kale sana, uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Ugwe wake hushikwa na kichocheo, si na mkono. Majimbo mengi ya Marekani yalikuwa hayauruhusu katika majira ya wawindaji wa mishale, ila yalitoa kibali kwa wenye ulemavu. Hapa, msomaji, ona jambo kubwa: sheria iliyobadilishwa kidogo yaweza kumfungulia mtu mlango ambao fedha hazikuufungua.

Mfano wa mwisho ni Matt Stutzman, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1982 bila mikono yote miwili, akalelewa na wazazi waliomchukua katika jimbo la Iowa. Alipokuwa mtu mzima mwenye watoto alikosa kazi, maana waajiri walitazama mabega yake wasitazame miguu yake. Akafikiri kwamba akiwa na uta aweza kuwinda kulungu, na jamaa yake wapate nyama. Hapakuwa na mwalimu wa kumfundisha asiye na mikono kupiga mishale, kwa hiyo alijifundisha mwenyewe. Hukaa kitini, hushika uta kwa mguu wa kulia, huweka mshale kwa mguu wa kushoto, ugwe huuunganisha na mkanda wa begani, kisha husukuma mguu mbele mpaka uta uvutike. Halafu kichocheo hukigusa kwa taya. Mkanda, kiti, na subira: hivyo ndivyo vilivyoongezwa juu ya uta wa kawaida. Mwaka wa 2012 alipata nishani ya fedha London, na mwaka wa 2024 ya dhahabu Paris. Lakini usisahau kwamba alianza kwa kutafuta kitoweo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sasa tukusanye mafunzo. Katika habari hizi zote, mambo matatu yanarudi tena na tena. La kwanza ni chombo kinachoufuata mwili, badala ya mwili kulazimishwa kukifuata chombo: mkanda wa begani, mti wenye panda wa kuegemeza bunduki, kiti kilichowekwa nyuma ya kificho kando ya njia ya wanyama. Hivi vyote hutengenezwa na fundi wa kijiji. La pili ni mwenzi: anayemwongoza kipofu mtoni, anayesukuma kiti, anayefuata nyayo za mnyama aliyejeruhiwa pale mwenye kiti asipoweza kupita. Lakini mwenzi mwema husaidia asipokonye. Huonyesha mahali pa kulenga, kisha hunyamaza, aliye na uta apige mwenyewe. La tatu ni ruhusa: sheria, desturi na maneno ya watu yasimfungie mtu nje kabla hajajaribu. Katika matatu haya, la kwanza huhitaji fedha kidogo, na mawili yanayofuata hayahitaji fedha ila moyo.

Hapa Kenya uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwezi wa Mei 1977, na ni vema tuitii sheria hiyo, maana wanyama wamepungua. Kwa hiyo sikutumi uende Tsavo na uta. Lakini shabaha ya majani haijapigwa marufuku, wala ndoana ya mtoni kwa mwenye kibali, wala mpira, wala matembezi ya kutazama ndege. Katika darasa lako huenda yumo mwenzako atembeaye kwa gongo au asiyeona ubaoni. Saa ya michezo inapofika, huambiwa akae chini ya mti alinde makoti ya wengine. Wampao kazi hiyo hudhani wanamhurumia. Lakini Guttmann aliona kwamba mwili uliookolewa na kuachwa bila kazi hufa mara ya pili. Basi leo jioni usimwulize mwenzako anaumwa wapi. Mwulize anapenda mchezo gani, kisha mtafute pamoja chombo kitakachomfaa, na makoti yalale juu ya nyasi.