Kapu la bei, na waliolipanga

Chuo kimoja cha Oxford, kilichoanzishwa katika karne ya 15, kilikuwa na sharti gumu: msomi mwenye kipato chake binafsi kinachopita pauni 5 kwa mwaka aachie nafasi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1700 pauni 5 hazikuwa kitu, lakini wasomi walikuwa wameshaapa kulitii sharti hilo. Je, mwenye pauni 6 amevunja kiapo?

Swali hilo lilimhangaisha pia kasisi William Fleetwood, aliyekuja kuwa askofu wa Ely. Katika kitabu chake Chronicon Preciosum cha 1707 aliiweka sarafu kando, akauliza pauni 5 zilinunua nini enzi za Mfalme Henry VI, chuo kilipoanzishwa. Akapekua bei za kale za nafaka, nyama, vinywaji na vitambaa. Hesabu ikamtolea kwamba maisha yale yale sasa yalihitaji pauni 28 au 30. Msomi na aape, alale usingizi. Kwamba upimaji wa mfumuko wa bei ulianza kama utetezi wa wasomi waliotaka kubaki na posho zao, mimi hunichekesha.

Mwaka 1780, katikati ya vita vya uhuru vya Marekani, jimbo la Massachusetts nalo lilipima pesa kwa bidhaa: liliwalipa askari wake kwa hati zilizofungwa kwenye bei ya mahindi, nyama ya ng'ombe, sufu na ngozi ya soli, maana noti za karatasi zilikuwa zimeporomoka. Nyama ilikuwa ratili 68 na sehemu nne za saba, wala si pungufu.

Kanuni yenyewe ya kupima bei kwa kapu la bidhaa aliiandika Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871: chukua kapu la mwaka wa mwanzo, usiliguse, kisha uone linagharimu kiasi gani baadaye. Ofisi nyingi za takwimu duniani bado hufuata mkondo huo.

Tatizo ni kwamba watu hubadilika, kapu limekaa pale pale. Fahirisi ya gharama za maisha ya Uingereza, iliyoanza 1914, ilitegemea matumizi ya familia za wafanyakazi ya mwaka 1904, na ikatumika hivyo hivyo hadi 1947. Mishumaa ilihesabiwa, umeme haukuhesabiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliugeuza uzee huo kuwa mtaji. Mishahara mingi ilifuata fahirisi, basi ruzuku zikamiminwa kwenye vyakula vilivyomo kapuni, namba ikatulia. Bia haikuwamo; kodi yake ilipandishwa, na fahirisi haikutikisika.