Kitubio

Kijana wa mafundisho ya Kipaimara akisikia "kitubio", hufikiria zile Salamu Maria tatu alizopewa na padre. Hajakosea, ndivyo tusemavyo. Ila ndilo pia jina la sakramenti nzima: majuto, maungamo, ondoleo na malipizi. Salamu Maria hizo ni malipizi tu, tena hazitoshi kwa aliyeiba simu ya mwenzake. Airudishe. Makatekista wengine hukazia maungamo mno, dhambi zikakaririwa kama jedwali la kuzidisha, majuto yakasahaulika. Vijana wenyewe wana swali lao: "Padre hatamwambia mama?" Hamwambii. Kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inamkataza muungamishi kumsaliti mtubu kwa neno au kwa namna yoyote ile.