Lipu ya Mackintosh, Udongo wa Newala

Charles Rennie Mackintosh hutajwa kwa heshima popote wasanifu majengo wanapokutana. Alizaliwa Glasgow mwaka 1868, akafia London mwaka 1928, na Chuo cha Sanaa cha Glasgow, kilichokamilika mwaka 1909, ndicho kilichomjengea jina. Wahakiki humpima kwa madirisha na viti vyake. Mimi nampima kwa lipu.

Kati ya 1902 na 1904 alimjengea mchapishaji vitabu Walter Blackie nyumba mjini Helensburgh, ikaitwa Hill House. Mafundi wa Scotland tangu zamani walikuwa wakirushia kuta lipu ya chokaa yenye kokoto. Chokaa hupumua: ukuta ukiloa, upepo huukausha. Mackintosh aliipenda sura hiyo ya kale, lakini akatumia saruji ya Portland, iliyoaminiwa siku hizo. Tena, vichwa vya kuta hakuvifunika kwa mawe, kwa vile alitaka ukuta upande hadi juu bila mstari wa kuukata. Saruji ikafanya nyufa, mvua ikapenya, na maji yaliyoingia yakakosa pa kutokea.

Sasa njoo kusini mwa Tanzania. Toka Nanganga ushike barabara ya Masasi, kisha upande Newala, utazame nyumba za miti na udongo zilizobaki. Upenu wa nyasi umeteremka mpaka mtu huinama kuingia. Ukuta wa juu mkavu, wa chini umeliwa kidogo na matone yanayoruka kutoka ardhini, na pale palipoliwa unaona kiraka cha udongo mpya, chenye alama za vidole. Umekandikwa ili uje ukandikwe tena. Juu kule kwenye uwanda wa Makonde, ilipo Newala, kukandika si kazi ya mchezo, kwani kwa miaka mingi maji yalichotwa mabondeni yakapandishwa kichwani. Kila sehemu ya ukuta ambayo upenu unaikinga na mvua ni ndoo ambayo mwanamke fulani hakulazimika kuipandisha. Hesabu hiyo, ya nani atatengeneza na kwa maji ya wapi, fundi wa huko anaifanya kabla ya kuchimbia nguzo ya kwanza. Mackintosh hakuifanya, au aliiachia saruji.

Tusimpambe fundi wetu kupita kiasi. Mchwa wanamlia nguzo, na mwenye nyumba akiuza korosho vizuri hununua bati na matofali. Simlaumu.

Huku pwani alikuwapo mtu wa rika la Mackintosh, John Houston Sinclair, ofisa wa Uingereza Zanzibar aliyesanifu Mahakama Kuu na jumba la makumbusho la Beit el Amani, lililofunguliwa mwaka 1925. Mackintosh aliiacha kampuni yake ya Glasgow mwaka 1913, akaishia kuchora mandhari kwa rangi za maji kusini mwa Ufaransa. Sinclair alipanda cheo hadi kuwa Mkaazi wa Uingereza, yaani mwakilishi wake mkuu Zanzibar, mwaka 1922. Kwa kipaji, hawakaribiani. Makuba na matao ya Sinclair nayaona kama serikali ya kigeni iliyovaa kanzu. Ila Zanzibar ilikuwa na mawe ya matumbawe na chokaa yake, na kuta za Mji Mkongwe zilianza kuumwa zaidi pale wakarabati wa baadaye walipoziba chokaa kwa saruji. Ugonjwa ni uleule wa Helensburgh.

Mwaka 2019 Hill House ilizungushiwa banda kubwa lenye paa na kuta za wavu wa pete za chuma, upepo upite na mvua ibaki nje. Zaidi ya miaka 100 baadaye, nyumba imepata upenu. Kazi ngumu inabaki kwa wahifadhi: wakiibandua saruji wanaondoa uamuzi wa Mackintosh mwenyewe, wakiiacha nyumba inaendelea kuoza. Mimi ningeibandua.