Mstari Unaohamishwa Kila Miaka Mitano

Kwa kinyozi wetu hapa Nakuru kuna kauli moja haiishi: eti siku hizi Wakenya tumegawanyika kuliko zamani. Sisi vijana huitikia tu, maana ukifungua simu ni matusi kila mahali. Mimi pia niliamini, hadi nilipoanza kuhesabu.

Tuanze na 1963. KANU na KADU walikuwa hawapikiki chungu kimoja. KADU walitaka majimbo, wakihofia jamii ndogo zitamezwa. Novemba 1964 KADU ikajivunja, viongozi wake wakaingia KANU. Mmoja wao, Daniel arap Moi, baadaye akawa rais kupitia chama kile kile alichokuwa akikipinga. Mwaka 1966 Oginga Odinga, makamu wa rais, naye akatoka KANU na kuongoza KPU. Oktoba 1969, miezi mitatu baada ya Tom Mboya kuuawa, Jomo Kenyatta na Odinga walirushiana maneno hadharani Kisumu, na walinzi wakaumiminia umati risasi. KPU ikapigwa marufuku. Anayesema zamani tulipendana aulize Kisumu.

Ruka hadi 2002. Raila Odinga anasimama Uhuru Park, anatangaza Kibaki tosha, na Mwai Kibaki anashinda kwa takriban asilimia 62. Miaka mitatu baadaye, kwenye kura ya maoni kuhusu katiba, mmoja ni ndizi, mwingine ni chungwa. Chungwa likashinda. Halafu ikaja 2007.

Nilikuwa na miaka saba. Kwenye ploti yetu kulikuwa na jirani Mkalenjin aliyekuwa akiniwekea mursik kwenye kikombe cha bati. Mamangu ni Mkikuyu. Januari 2008 yule jirani aliondoka usiku na magunia mawili. Mama alimsikia akifunga mlango, lakini hakutoka kumuaga. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini. Kwa hivyo sisemi chuki ile ilikuwa maigizo.

Lakini cheki 2013. Uhuru Kenyatta na William Ruto, waliokuwa kambi tofauti 2007, na wote wawili wakikabiliwa na kesi ICC kuhusu ghasia hizo, wakagombea pamoja. Mama akavaa tisheti nyekundu ya TNA. Sokoni tukakutana na yule jirani, yeye na ya njano ya URP. Wakakumbatiana, wakacheka, kisha wakakosa la kusema. Mimi nilikuwa pale nimebeba viazi. Hakuna aliyetaja Januari.

Mengine unayajua. Machi 2018 Uhuru na Raila wakasalimiana. 2022 Uhuru akamuunga mkono Raila dhidi ya Ruto. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano.

Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia kubwa sina. Ninachoona ni kwamba mgawanyiko ungekuwa umeota mizizi ndani ya mpiga kura, haungehamishwa haraka hivyo. Wakubwa huchora mstari, wakaufuta, wakauchora kwingine. Sisi hukimbilia upande tunaoonyeshwa. Wao wakipatana, kidonda hubaki kwa majirani.

Na wapo waliochoka kukimbia. Mwaka 2022 tulikuwa zaidi ya milioni 22 kwenye sajili. Karibu milioni 8 hatukupiga kura. Ndio, mimi ni mmoja wao, na sijivunii. Juni 2024 vijana waliojaza barabara kupinga Mswada wa Fedha walisema hawana kabila, hawana chama. Sijui kama hilo litafika debeni, ila ule mstari hawakuchorewa na mtu.

Juzi Mama ameniuliza, "2027 sisi tuko na nani?" Nikamuuliza kama bado ana namba ya yule jirani.

Hakuwahi kuichukua.