Mimea na saratani: Jinsi inavyokinga, inavyotibu na inavyoweza kudhuru

SARATANI ni miongoni mwa maradhi yanayoangamiza watu wengi zaidi nchini Kenya. Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, zaidi ya Wakenya 44,000 walipatikana na maradhi hayo mwaka 2022, na zaidi ya 29,000 wakaaga dunia. Saratani za matiti, mlango wa kizazi, tezi dume na umio ndizo zinazoongoza.

Matibabu ni ghali, na wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa tayari umeenea mwilini. Si ajabu basi kwamba majani, magome na mizizi huuzwa sokoni na kando ya barabara kwa ahadi ya kuponya. Wapo wanaosadiki kila wanachoambiwa, na wapo wanaopuuza mitishamba yote.

Ukweli ni kwamba mimea imeupa ulimwengu baadhi ya dawa muhimu zaidi za saratani. Hata hivyo, kemikali ile ile inaweza kuwa chakula, dawa au sumu. Kinachotofautisha ni kipimo, namna inavyotayarishwa na ushahidi uliopatikana kwa wagonjwa wenyewe.

Asili ya kemikali hizo

Mmea hauwezi kumkimbia mdudu wala mnyama anayeula. Badala yake hujitengenezea kemikali chungu au zenye sumu ili kujilinda. Nyingi huathiri seli za kiumbe kinachoula mmea huo, na ndiyo sababu baadhi yake zinaweza kuzuia seli za saratani zisigawanyike. Kwa sababu hiyo hiyo, zinaweza pia kuumiza seli zenye afya.

Ua la Madagascar

Mfano maarufu ni ua dogo la waridi au jeupe ambalo asili yake ni Madagascar, na ambalo leo hupandwa katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Wataalamu huliita Catharanthus roseus.

Katika miaka ya 1950, Robert Noble na Charles Beer wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Canada, walichunguza majani ya mmea huo yaliyotoka Jamaica, ambako watu waliyachemsha kutibu kisukari. Sukari ya panya waliopewa dawa hiyo haikushuka. Badala yake, seli nyeupe za damu zilipungua mno, na panya wakafa kwa maambukizi. Watafiti hao waling'amua kwamba kitu kinachopunguza seli nyeupe huenda kikafaa katika saratani ya damu. Mwaka 1958 walitangaza kemikali ya vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Dawa hizo huzuia seli kujenga nyuzi ndogo ambazo huzihitaji ili kugawanyika. Vinkristini ingali nguzo katika kutibu saratani ya damu kwa watoto. Hutumika pia kwa uvimbe wa Burkitt, saratani inayowapata watoto wengi magharibi mwa Kenya na nchini Uganda, ambako daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958.

Je, mgonjwa anaweza kuchemsha maua hayo nyumbani? La. Huhitajika zaidi ya nusu tani ya majani makavu ili kupata gramu moja tu ya vinkristini. Mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu mbili kwa mara moja, tena kwa kudungwa mshipani. Ikizidi, huharibu neva. Ikidungwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, huua. Anayekunywa chai ya majani hayo hawezi kujua amekunywa kiasi gani cha dawa wala cha sumu nyinginezo zilizomo.

Mmea wa Shimba Hills

Kenya yenyewe ina nafasi katika historia hii. Mwaka 1972 kundi la mwanasayansi Morris Kupchan nchini Marekani lilitangaza kemikali iitwayo maitansini, iliyotokana na mmea wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Baadaye mmea wa jamii hiyo, Maytenus buchananii, ulipatikana katika Shimba Hills, Kwale. Katika miaka hiyo ya 1970, zaidi ya tani 27 za mmea huo zilikusanywa huko kwa niaba ya taasisi ya saratani ya Marekani, kiasi kwamba mimea iliyokomaa ilikaribia kumalizika.

Katika maabara, maitansini iliua seli za saratani kwa nguvu mara mia moja au zaidi kuliko vinkristini. Wagonjwa walipojaribiwa mambo yalikuwa mengine. Walitapika, wakaharisha na kupata matatizo ya neva, huku uvimbe wa wengi wao ukikosa kupungua. Majaribio yakaachwa.

Ilichukua miongo kadhaa kupata suluhisho. Wanasayansi waliunganisha kemikali ya jamii hiyo na kingamwili inayotambua aina fulani ya seli za saratani ya matiti, ili sumu ifikishwe ndani ya seli hizo badala ya kusambaa mwili mzima. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013. Siku hizi kiini chake hutengenezwa kwa kutumia bakteria, bila kukata miti.

Historia ya mmea huu inatoa funzo muhimu: kuua seli za saratani ndani ya chupa ya maabara si sawa na kumponya mgonjwa.

Kinga iliyo jikoni

Mbali na dawa, kuna kinga itokanayo na chakula. Sukuma wiki, kabeji na brokoli ni mimea ya spishi moja. Majani yake yana kemikali ziitwazo glukosinolati. Yanapokatwa au kutafunwa, kimeng'enya kilichomo huzigeuza kuwa kemikali nyingine, mojawapo ikiwa sulforafani, iliyo nyingi zaidi katika brokoli. Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba sulforafani huuchochea mwili kuongeza vimeng'enya vinavyoondoa sumu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyiwa watu 291 katika eneo la Qidong, China, uligundua kwamba waliokunywa kinywaji cha machipukizi ya brokoli kwa wiki 12 walitoa kupitia mkojo mabaki ya benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa asilimia 61 zaidi. Hata hivyo, utafiti huo haukupima iwapo saratani yenyewe ilizuiliwa.

Kuchemsha mboga kwa muda mrefu huharibu kimeng'enya hicho, na glukosinolati nyingi huishia katika maji yanayomwagwa. Ni bora kuzikata, kuziacha dakika chache, kisha kuzipika kwa muda mfupi.

Ushahidi ni mzito zaidi kwa nyuzinyuzi na nafaka zisizokobolewa, kama vile wimbi na mtama, ambazo hupunguza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Ni Burkitt yule yule aliyeandika mwaka 1971, akitegemea aliyoyaona Afrika, kwamba ugonjwa huo ulikuwa nadra miongoni mwa watu waliokula vyakula hivyo.

Kizuri kikizidi

Kwa kuwa wanaokula mboga na matunda kwa wingi hupata saratani ya mapafu kwa nadra, ilidhaniwa kwamba vidonge vya beta-karotini, rangi iliyo katika karoti, vingewafaa wavutaji sigara. Nchini Finland wanaume 29,133 wavutaji sigara walishiriki jaribio hilo. Matokeo yalipotolewa mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walikuwa wamepata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio jingine la watu 18,314 Marekani lilisimamishwa Januari 1996 baada ya ongezeko la asilimia 28.

Karoti haikuwa na kosa. Kilichodhuru ni kemikali moja iliyotengwa na kumezwa kwa wingi na wavutaji sigara.

Madai yanayovuma

Majani na matunda ya mstafeli husifiwa sana kuwa yanaua saratani. Ni kweli yana kemikali zinazoua seli katika maabara, lakini hakuna majaribio ya kuaminika yanayoonyesha kwamba huponya watu. Tafiti za kisiwa cha Guadeloupe zimehusisha ulaji wake wa mara kwa mara na ugonjwa wa neva unaofanana na Parkinson.

Manjano nayo ina kurkumini, ambayo hufanya kazi katika maabara lakini hufyonzwa kwa shida sana na mwili. Ni kiungo kizuri cha chakula. Haijathibitishwa kuwa tiba.

Gome la muiri, Prunus africana, hutengenezewa dawa Ulaya za kupunguza dalili za kuvimba kwa tezi dume. Uvimbe huo si saratani. Mwanamume anayekunywa gome hilo bila kupimwa anaweza kupata nafuu ya mkojo huku saratani ikiendelea kukua.

Vilevile, si kila kitu cha asili ni salama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliotumia vidonge vya kupunguza uzani vyenye mmea wa jamii ya Aristolochia waliharibika figo, na wengi baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. IARC imeuweka mmea huo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Anayepaswa kuambiwa ni daktari

Wagonjwa wengi hutumia mitishamba kwa siri kwa kuhofia kukemewa. Siri hiyo ni hatari. Balungi, kwa mfano, huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja dawa nyingi, hivyo kiwango cha dawa huongezeka katika damu. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza uvujaji wa damu wakati wa upasuaji. Mitishamba mingine huumiza ini ambalo tayari linalemewa na dawa za saratani.

Mgonjwa anashauriwa kumweleza daktari kila anachotumia, ikiwezekana abebe majani au chupa yenyewe. Asisimamishe matibabu ya hospitali ili kujaribu mitishamba kwanza, kwa kuwa saratani inayotibika mapema inaweza kuwa isiyotibika baada ya miezi michache.

Kwa aliye mzima, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa ni kinga ya thamani, lakini hazichukui nafasi ya kuacha sigara, kupimwa mlango wa kizazi na matiti, au chanjo ya HPV ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019.