Kisiwa Kisichozikwa Mtu

Katika Ghuba ya Hiroshima, nchini Japani, kipo kisiwa cha Itsukushima, ambacho wengi hukiita Miyajima, yaani kisiwa cha hekalu. Kivuko hukifikia kwa dakika kumi tu kutoka bara. Mke na mume wanaovuka asubuhi na kurejea jioni huwahi kuziona sura zake mbili: maji yakijaa, hekalu huonekana kama linaelea, yakipwa, watu hutembea mchangani hadi chini ya lango lake jekundu.

Lango hilo lina kimo cha mita 16 hivi. La sasa lilijengwa mwaka 1875 kwa magogo ya mkafuri, na nguzo zake hazikufukiwa ardhini. Husimama kwa uzito wake wenyewe, ukiongezwa na mawe yaliyojazwa katika boriti ya juu. Sakafu za hekalu nazo zimeachiwa nafasi baina ya mbao, ili maji ya bamvua na ya dhoruba yapate pa kupenya. Waliojenga waliijua ada ya bahari: haizuiwi, hupishwa njia.

Kwa nini wakajenga majini? Yasemwa kuwa ardhi yote ya kisiwa ilihesabiwa takatifu mno. Kwa karne nyingi haikuruhusiwa mtu kuzaliwa wala kufia hapo. Mjamzito aliyekaribia kujifungua alivushwa bara, na maiti vivyo hivyo. Baada ya vita vya mwaka 1555, Mori Motonari alipomshinda Sue Harukata kisiwani humo, udongo ulioloa damu ulikwanguliwa ukaondolewa. Hadi leo kisiwa hakina makaburi. Utukufu huo ulikuwa na gharama, na waliobeba sehemu kubwa ya gharama hiyo ni kina mama, waliouguzwa uchungu mbali na nyumba zao.

Aliyelipa hekalu fahari yake ni Taira no Kiyomori, bwana wa ukoo uliotawala mambo ya Japani wakati huo. Mwaka 1164 ukoo wake ulitoa wakfu hapo misahafu ya Kibuddha iliyonakshiwa dhahabu na fedha, na kufikia mwaka 1168 hekalu lilikuwa limejengwa upya kwa namna tunayoifahamu. Yeye na mkewe Tokiko walipata kila walichokitamani, hata mjukuu wao Antoku akawa mfalme angali mtoto mchanga.

Kiyomori alifariki mwaka 1181. Miaka minne baadaye, ukoo wake ulishindwa katika vita vya majini vya Dan-no-ura, upande wa magharibi wa bahari hiyo hiyo ya ndani. Tokiko, mjane na bibi, alijitosa majini pamoja na mjukuu wake. Antoku hakuwa ametimiza hata miaka saba.

Wapo wasemao kwamba wapendanao wakizuru Miyajima pamoja watatengana, kwa kuwa mungu wa kike wa hapo huona wivu. Kiyomori na Tokiko hawakutenganishwa na wivu wa yeyote. Walilijenga hekalu katika kisiwa kilichohesabiwa kitakatifu, kisha mauti yakawafuata kwengineko, na bahari waliyoipamba ndiyo iliyomchukua mke na mjukuu. Hekalu lao lingali limesimama, na maji hulijia mara mbili kila siku.